Hesabu Si Kusema Nambari Yoyote

Mumbua,

Wewe ni mwoga. Naanza na hilo ili ukirudi unikute na uso huu usiulize ni nini. Leo asubuhi nilikuwa jikoni nachambua maharagwe, nawe ulikuwa sebuleni na simu umeiweka sauti ya nje, kama kawaida yenu nyinyi wa siku hizi mnaoongea mambo yenu na nyumba nzima. Nilimsikia yule mwalimu mkuu wa Kibwezi akikukaribisha kwa furaha. Halafu nikakusikia wewe, sauti ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani mchoyo: "Madam, kama inawezekana, nipatie Kiswahili ya madarasa ya juu. Hesabu ya gredi wani naomba mnitolee."

Mnitolee. Kama jino.

Yule mama alisema darasa la kwanza halina mtu, mwalimu wao ameenda kujifungua, na ni wewe waliyekuwa wakikungojea kwa sababu ya mambo waliyosikia unafanya na watoto. Akasema ulifikirie jambo hilo usiku huu, umpigie kabla hujapanda gari kesho. Ukasema, "Sawa madam," ukakata simu, ukaja jikoni ukaniuliza kama chai iko.

Chai ilikuwepo. Nilikupa. Sikusema kitu, kwa maana nikianza kusema nikiwa na hasira nasahau nusu ya maneno, nayakumbuka wewe ukiwa umeshalala. Sasa umeenda mjini kununua godoro, na mimi nimekaa kwenye meza ya mjomba wako hapa Kileleshwa, naandika. Darasa la tatu ndilo nililoishia, lakini lilikuwa darasa la tatu la wakati ule. Mwandiko wangu utausoma.

Bibi mwingine, susu wa watu wengine, angekuandikia uchemshe maji, ufunge neti, usimwamini kila anayekuita dada. Hayo kama huyajui kwa umri wako, barua haitakusaidia. Mimi nataka tuongee juu ya ile siku ya wazazi. Tangu siku hiyo umetembea humu ndani kama mtu aliyeiba, na hujawahi kuniuliza mimi niliiona vipi kutoka kwa kile kiti chenu kidogo kilichonivunja magoti.

Kwanza nikukumbushe ulivyokuwa kabla yake, maana naona umesahau.

Ulipoingia kwa hiyo shule ya hapa chini mwaka jana, uliingia kama moto. Ulitoka hapa Jumamosi ukaenda Kangemi kwa wauza mayai, ukarudi umebeba trei kuukuu mpaka mlinzi wa geti akakuuliza kama umefungua duka. Ulichukua kisu changu cha mboga ukazikata, kila kipande mashimo kumi, na kisu hakijakata vizuri tena mpaka leo. Ukachukua maharagwe yangu. Si yale yaliyotobolewa na wadudu, ukachukua yale yanayoitwa nyayo, mazuri, mekundu. Nilikugombeza. Ukaniambia, "Susu, mtoto lazima ashike. Akiona kumi kwa ubao anaona mistari mbili tu. Akiijaza kwa trei anaona kumi yenyewe."

Nikakuachia maharagwe. Na mimi simwachii mtu maharagwe.

Kulikuwa na yule mtoto wako Shantel. Uliniambia ni mtoto anayesema "sijui" kabla swali halijaisha. Ukimwuliza jina lake, sijui. Ukimwuliza kama amekunywa uji, sijui, na sharubu za uji ziko hapo mdomoni. Jioni moja ulirudi na viatu mkononi, ukaruka kwa hiyo jikoni mpaka wa chini wakagonga dari yao na ufagio. Ulisema umempa trei yenye maharagwe, akaiangalia hivi, wala hakugusa, akasema, "Ticha, mashimo mawili yana njaa." Ukaniambia, "Susu, ameona nane bila kuhesabu. Ameiona." Mimi sikuelewa yote. Lakini nimezaa na nimelea, namjua mtu aliyefurahi kweli na ninamjua anayejifanya. Siku hiyo nilijua umepata kazi yako, kama watu wengine wanavyopata mume.

Sasa ile siku yenyewe.

Nilivaa nguo ya kanisa. Nikakaa nyuma na kitambulisho cha mgeni kifuani kama mbuzi wa maonyesho. Wazazi walijaa, wengine wamesimama mlangoni na funguo za magari mkononi, kila mmoja akiangalia simu. Ukawaambia watoto, "Wageni wetu wanataka juisi. Tusipeleke vikombe vingi vikamwagika, na tusimwache mgeni bila. Tutafanyaje?" Halafu ukawapa kapu la vifuniko vya soda. Kila mtoto akapeleka kifuniko kwa mgeni, mgeni akakishika, ili vikishakusanywa kila kifuniko kipewe kikombe kimoja. Mimi nililetewa changu na Shantel mwenyewe. Hakuniangalia usoni, alikiweka kwa kiganja changu akakikunja kwa vidole vyangu, ili nisikipoteze. Wakati huohuo mama mmoja akaingia amechelewa, anahema. Nani alimwona? Si wewe, wewe ulikuwa umegeuka. Shantel alimwona. Akarudi kwa kapu bila kutumwa, akampelekea yule mama kifuniko.

Mimi nikasema moyoni, huyu mtoto wa sijui anajua.

Hapo ndipo yule baba mwenye suti ya kijivu akacheka. Aliketi mbele yangu, nilimsikia vizuri. "Madam, si muwaambie tu wahesabu wazazi? Mimi nalipia mtoto asome. Kugawa vifuniko hata kwa kioski atafunzwa." Wengine wakacheka naye. Mwingine wa mlangoni akaongeza, "Ama ticha wa hesabu anaogopa kuhesabu watu?"

Na wewe, Mumbua, mtoto niliyembeba mgongoni Kangemi yote, ukageuka ukamwambia, "Pole sana mzazi. Ni mazoea tu ya shosho yangu. Ni mambo ya ushago, ya kijijini kwao, hapendi watu wahesabiwe."

Kicheko kikawa kikubwa. Wakageuka kuniangalia, mwanamke mzee kwenye kiti cha mtoto, na kifuniko cha soda mkononi. Mwalimu mkuu wenu naye akacheka, akapiga makofi kidogo, akasema, "Wazazi, msiwe na wasiwasi, tunarudi kwa vitabu." Nilifungua mdomo. Ukanikata jicho. Nikaufunga.

Watoto walikuwa bado wamesimama na kapu. Hakuna aliyewaambia waendelee na hakuna aliyewaambia waache. Juisi ililetwa na wapishi.

Usifikiri nimekasirika kwa sababu ulitaja mila yangu. Mila ni yangu na siifichi. Kwetu mtu hahesabiwi kama viazi. Unataja majina. Mama yangu aliulizwa na karani ana watoto wangapi, akamwambia, "Andika wale uliowaona." Mbuzi pia hatukuwahesabu, tuliwajua, na aliyekosa alijulikana kabla zizi halijafungwa. Mchungaji wangu wa kanisa ananiambia ni woga wa bure, naye namsikiliza kwa heshima, halafu narudi nyumbani na sihesabu watu. Wewe hulazimiki. Nenda ukahesabu Kibwezi yote ukitaka, na kuku wao.

Nimekasirika kwa sababu ulisema uongo. Hukuwa unafundisha mila siku hiyo. Ulikuwa unafundisha kitu ulichokipata kwa maumivu yako mwenyewe, na ulikijua, na mtu alipocheka ukakitupia mgongoni mwangu kama mzigo usiokuwa wako.

Najua unavyokijua kwa sababu nilikuwepo kilipoanza. Mimi ndiye niliyekiharibu kwanza.

Ulikuwa darasa la kwanza, Kangemi, tukikaa kile chumba cha mabati karibu na stendi. Mwalimu alikuuliza, "Mumbua, nyumbani mko wangapi?" Swali la kawaida. Lakini mimi nilikuwa nimekukanya tangu ulipojua kuongea kwamba watu wa nyumba hawasemwi kwa nambari. Basi ukanyamaza. Akauliza tena, ukanyamaza. Akakuita bubu, akakuchapa vidole na rula. Ulikuja nyumbani hukuweza kushika kijiko.

Na mimi nilifanya nini? Ningeenda kwa huyo mwalimu nimweleze. Shule ilikuwa karibu, ningefika hata sufuria haijachemka. Lakini niliona aibu. Niliwaza, nitasimama mbele ya mtu aliyesoma nimwambie nini, na Kiswahili changu cha wakati ule? Kwa hivyo nilichukua njia ya mkato. Nilikupaka mafuta vidole nikakwambia, "Akikuuliza tena, sema nambari yoyote. Ilimradi si ile ya kweli."

Nilijiona mjanja. Watu wangu wamelindwa, mtoto hatachapwa.

Ulifanya nilivyokwambia, tena ulifanya kupita kiasi. Mbili na tatu? Saba. Vidole vya mkono mmoja? Saba. Siku ina saa ngapi, wiki ina siku ngapi, saba, na ya wiki ukapata, mwalimu akakusifu, ukazidi kushikilia. Ulielewa kwamba hiyo ndiyo hesabu: mtu mkubwa anauliza, wewe unarusha nambari haraka, anaondoka. Muhula ukaisha, mwingine ukaisha. Ripoti ikaja imeandikwa kwamba wewe ni mzito. Nami nikaamini. Nilimwambia jirani yetu Mama Syombua, wewe ukiwa hapo mlangoni unasikia, "Huyu kichwa hakupewa, tutamtafutia cherehani."

Kumbe aliyekuwa akisema saba hakuwa mzito. Alikuwa mtiifu.

Nilikuja kujua kwa sahani. Unakumbuka binamu zako walikuwa wakilala kwetu wazazi wao wakiwa kazini Loresho, na kila mmoja na sahani yake, ya Kyalo ina ua, ya Mwende imechubuka ukingo. Jioni nilikuuliza, kwa mazoea tu, "Mumbua, sahani ngapi nitoe?" Ukasema saba, hata hukuinua kichwa. Nikaudhika. Nilikuwa nimechoka, nikasema, "Wacha saba yako. Niambie nani hana."

Ukainuka. Ukaangalia meza. Ukasema, "Kyalo hana. Na ya mjomba uiweke, atakuja akiwa ameshiba lakini atakula." Hukukosea hata mmoja. Kesho yake tena. Nikaanza kukupa mawe, jiwe hili la fulani, jiwe hili la fulani, uyapange kando ya sahani uone kama kuna sahani inayolia au jiwe linalolia kwa kukosa mwenzake. Mawe yakawa mchezo. Ukacheza mpaka ukachoka na mawe ukaanza vidole, ukachoka na vidole ukaanza kuniambia jibu ukiwa umelala kitandani. Hakuna aliyekufundisha hesabu, Mumbua. Tuliacha tu kukuuliza ngapi mpaka ukawa unataka kujua ngapi.

Hiyo ndiyo ulikuwa unaifanya na vile vifuniko. Nani hana. Shantel alimwona yule mama aliyechelewa kwa sababu ulimfundisha kutafuta asiyekuwa nacho. Hiyo si ushago. Hiyo ni wewe.

Sitasema mimi nilikuwa mwalimu mzuri. Siku moja nilimkatia Kyalo chapati vipande viwili akalia kwamba vyako ni vingi. Nikakata vyake tena vikawa vinne, akafurahi, akala. Wewe ukasema, "Lakini Susu, ni chapati ileile. Hujamwongeza kitu." Nami nikakwambia nyamaza, mwache mwenzako ale na amani. Ulikuwa umeona jambo kubwa pale, na mimi nikakufunga mdomo ili nimalize kupika. Nimelifikiria sana hilo. Watu wanaonyamazisha watoto si lazima wawe na suti ya kijivu.

Lakini na yeye nimwache wapi? Tulipotoka siku ile ya wazazi, wewe uliitwa ofisini, mimi nikakungoja pale magari yanapoegeshwa. Huyo baba alikuja na mtoto wake wa kiume. Akimfunga mkanda akamwuliza, nadhani ili aonyeshe dunia yeye ni mzazi, "Tano na nne?" Mtoto akasema, "Nane." "Ala. Haraka." "Kumi." "Fikiria." "Sita." Simu ikalia. Akafunga mlango akaongea na simu. Mtoto alitazama nje ya dirisha, ametulia kabisa, kwa sababu mtu mkubwa ameondoka.

Nilimjua yule mtoto. Nilishamlea.

Na tena sitamlaumu huyo baba mpaka mwisho, kwa sababu ana haki ya kuuliza. Mtoto ni wake. Ulichopaswa kumwambia ni kifupi: mzazi, keti, uone mwisho. Tungekaa. Mama yule aliyechelewa angepata kikombe chake na hata huyo baba na kicheko chake angepata. Dakika chache tu. Badala yake ulimwomba msamaha kwa kitu ambacho hakikukosea.

Baada ya hapo ulirudi kwa vitabu kama mwalimu mkuu alivyotaka. Uliandika ubaoni, wakanakili. Mwisho wa muhula ukaja jioni moja ukaketi na koti lako bado mwilini, ukaniambia, "Susu, Shantel ameanza sijui tena." Ukalia. Nilikupikia. Niliwaza, ataamka, atachukua trei zake. Ukaamka, ukaandika barua ya kuacha kazi, ukatafuta shule ya mbali. Nikasema sawa, anaenda mahali watamwachia afundishe. Nikakusifu hata kwa mama yako kwenye simu.

Halafu leo asubuhi nasikia mnitolee.

Wewe unafikiri Kiswahili cha madarasa ya juu hakina baba wa kucheka? Watacheka insha, watacheka methali, watacheka viatu vyako. Kama unakimbia kicheko, utakimbia mpaka uishiwe na masomo. Na nyuma yako kule Kibwezi kuna darasa zima la wadogo ambao labda wameshaambiwa na shosho fulani, au na rula fulani, waseme nambari yoyote. Wamekaa wanangoja mtu wa kuwauliza swali lingine. Ukikataa watapewa mwalimu asiyependa, aliyeongezewa somo kwa sababu hakuna mwingine. Unajua huyo atakavyouliza. Uliulizwa hivyo.

Mimi niliogopa mwalimu mmoja siku moja, na wewe ukalipa miezi. Sikuandikii haya ili unihurumie. Nakwambia bei yake, kwa sababu mimi ndiye niliyeiona ikilipwa na mtoto, si na mimi.

Unaweza kushindwa, hilo pia nalijua. Watoto watarusha maharagwe, watayatia puani, mmoja atameza kifuniko na mtakimbizana hospitali. Mkaguzi atakuja siku mnacheza blada, ile kamba ya mpira ya kuruka, uwanjani mkihesabu kuruka kwa mbili mbili, na atauliza daftari ziko wapi. Utakuwa na siku ambazo mchezo ni mchezo tu na hakuna aliyejifunza chochote, na utarudi chumbani kwako umechoka na sauti imekauka. Hayo ni ya kazi. Hata ugali huungua kwa mtu aliyepika miaka yote. Lakini usirudi tena kwangu kuniambia umeomba msamaha kwa sababu mtoto alikuwa anafurahi.

Nimesikia lifti. Inawezekana ni wewe na godoro lako, inawezekana ni watu wa juu. Nitakuwekea barua hii juu ya sufuria ya maharagwe, pale huwezi kuikwepa ukiwa na njaa.

Ukimaliza kuisoma usije kunikumbatia, sitaki. Usinieleze chochote. Chukua simu, iweke sauti ya nje kama ulivyofanya asubuhi, mpigie yule mama wa Kibwezi, umwambie darasa la kwanza ni lako na hesabu yao ni yako. Niko jikoni. Ongea kwa sauti.

Susu wako